Pampu Iliyojitegemea

Maji hushuka kwa tabia yake, wala hayapandi ila kwa kulazimishwa. Tangu kale binadamu aliyainua kwa ndoo, kwa gurudumu na kwa nguvu za mnyama. Mvuke ulipokuja, kazi hiyo ilipata mikono mipya.

Henry Rossiter Worthington, aliyezaliwa New York mwaka 1817, alijaribu kuendesha mashua za mfereji kwa mvuke. Siku hizo pampu ya kulisha boila maji ilifungamanishwa na injini. Mashua ikienda, boila lilipata maji. Mashua ikisimama kungoja zamu penye malango ya mfereji, pampu nayo ilisimama, huku moto ukizidi kuyakausha maji yaliyosalia. Boila likipungukiwa mno huweza kupasuka na kuua watu. Kwa hiyo ilibidi mtu ashike mpini apige pampu kwa mkono. Mwaka 1840 Worthington alibuni pampu yenye silinda yake ya mvuke, isiyongoja mwendo wa injini.

Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1845. Mwaka 1859 ilikuja pampu pacha: pampu mbili ubavu kwa ubavu, fimbo ya kila moja ikifungua njia ya mvuke ya mwenziwe. Moja ilipokaribia kumaliza mwendo, nyingine ilikwisha kuanza. Maji yakatoka kwa mkondo mtulivu, pasipo mshindo wa kuvunja mabomba. Miji ilizitumia kupeleka maji majumbani. Mwasisi alifariki mwaka 1880.

Mwaka 1899 kampuni hiyo iliunganishwa na washindani wake katika International Steam Pump Company. Ukubwa haukuwa uzima: mwaka 1914 muungano huo ulielemewa na madeni, na mwaka 1916 ukaundwa upya kwa jina la Worthington Pump and Machinery Corporation. Mwaka 1967 kampuni iliungana na Studebaker, iliyokuwa imeacha kuunda magari mwaka uliotangulia. Baadaye mali yake iligawanywa kwa wenye kununua.

Hivyo historia yake yaonyesha namna mbili za kufungamana. Pampu ya mashua ilifungwa kwa injini, ikafa ganzi pamoja nayo. Pampu pacha zilifungamana, lakini kila moja ilimfungulia mwenziwe njia. Kampuni iliyozaliwa kwa kuikata kamba ya kwanza, ilipozeeka, ilijifunga kamba hiyo hiyo. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.