Chatu wafugwao, ulishaji wa

Ulishaji wa chatu wafugwao ni kazi ya kumpa chatu aliye kizuizini chakula kwa namna itakayomfanya akikubali, akimeze na kukisaga bila bughudha. Chatu anayefugwa zaidi majumbani duniani ni chatu mfalme (Python regius), nyoka mfupi mnene wa Afrika Magharibi na Kati. Akiogopa hujiviringa akawa donge na kukificha kichwa katikati, na ndiyo sababu Wamarekani humwita kwa jina la mpira. Mwisho wa makazi yake upande wa mashariki ni Uganda. Tanzania hayupo porini. Anayekutwa nchini humo, wilayani Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, ni chatu wa kusini (Python natalensis), ambaye aweza kupita mita 4 na kumeza mbuzi. Huyu si nyoka wa kuwekwa sebuleni, lakini tumbo lake hufuata kanuni zilezile.

Kabla ya chakula kuna kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata chatu na kumweka nyumbani kwa hiari yake, na biashara ya chatu kuvuka mipaka inabanwa na mkataba wa CITES. Kwa hiyo Watanzania wengi humwona chatu akilishwa katika bustani za nyoka, kama ile ya Meserani nje ya Arusha iliyofunguliwa mwaka 1993.

Chatu hakimbizi windo. Hulivizia usiku, akiwa amejibanza penye kificho, na midomoni ana safu ya vishimo vinavyohisi joto la mwili wa mnyama hata gizani. Hapo ndipo wafugaji wengi wapya wanapokosea. Panya aliyetoka kwenye friji, wa baridi, kwa chatu si chakula. Ni kitu tu kilichowekwa mbele yake. Vilevile chatu asiye na pa kujificha hali, kwa kuwa anajiona yeye ndiye windo. Boksi lake linahitaji maficho mawili yenye kumbana mwili, moja upande wa joto na jingine upande wa ubaridi, pamoja na bakuli la maji.

Joto lenyewe si jambo dogo kwa mtu wa Mpepai au kata nyingine za Mbinga. Mbamba Bay iko ufukweni, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati mji wa Mbinga umepita mita 1,000, na Juni na Julai miinuko hiyo ya Umatengo hupata baridi ya kutafutia blanketi la pili. Chatu mfalme anataka nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi upande mmoja wa boksi na 25 hadi 27 upande wa pili. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi; akimeza panya na usiku ukawa wa baridi, panya huozea tumboni kabla hajasagwa, na nyoka humtapika. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye kanga na kuwekwa kando ya boksi husaidia. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa halisaidii: gesi yake huua nyoka na mwenye nyoka.

Ukubwa wa mlo hupimwa kwa jicho: panya asizidi unene wa nyoka mahali alipo mnene zaidi. Kifaranga wa chatu hula kila baada ya siku 5 hadi 7, mkubwa kila wiki 2 hadi 4. Panya waliofugwa kwa kazi hiyo ni bora kuliko waliotegwa ghalani. Panya wa ghalani huja na viroboto na minyoo, na huenda jana yake alikula sumu iliyowekwa kulinda mahindi.

Panya aliyekufa ndiye salama. Kumtupia nyoka panya hai kunapendwa na watazamaji, lakini panya aliyeachwa usiku kucha na chatu asiye na njaa huanza kumtafuna chatu, na makovu ya majeraha hayo huonekana mgongoni mpaka leo kwa nyoka wengi waliowahi kulishwa hivyo. Panya wa friji huyeyushwa taratibu kwa usiku mzima, kisha hutumbukizwa ndani ya maji ya moto (yasiyochemka) mpaka mwili wake uwe na joto kama wa panya hai, na kukaushwa kwa kitambaa. Giza likishaingia hushikwa mgongoni kwa koleo refu, kama lile la kugeuzia nyama choma, na kupitishwa polepole mbele ya maficho. Ulimi hutoka mara moja, mara mbili, kisha shingo hujikunja kama herufi S. Mkono utulie hapo. Chatu akishadaka na kujizungusha, mtu hufunga boksi na kuondoka. Anayebaki kupiga picha kwa mwanga mkali huenda akasababisha panya kuachwa. Kumhamishia chatu kwenye ndoo ya kulia chakula, desturi inayosifiwa na baadhi ya wafugaji, ni kumtoa nyumbani saa ileile anayohitaji utulivu.

Baada ya kumeza asishikwe kwa saa 48 angalau. Utumbo wake, uliokuwa umesinyaa kwa njaa, hunenepa upya ili kuikabili kazi. Kwa Wasukuma, ambao wacheza ngoma wao huwabeba chatu mabegani, hasa katika sherehe za Bulabo kule Bujora mwezi Juni, nyoka aliyekula juzi si wa kupelekwa uwanjani.

Kugoma kula hutisha mfugaji kuliko kunavyomdhuru nyoka. Chatu mfalme mzima aweza kukaa miezi kadhaa bila chakula, hasa msimu wa baridi au wa kupandana. Macho yakiwa na ukungu wa buluu, anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri, asubiriwe. Mizani ya jikoni husema zaidi ya wasiwasi: akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, daktari wa mifugo aitwe. Kumsukumia chakula kooni ni kazi ya daktari huyo, si ya mwenye nyumba.

Vijijini chatu wa porini aliyeshiba hupatikana zaidi bandani kwa kuku. Aliingia kwa tundu, akammeza kuku, tumbo likafura na tundu likawa dogo. Anayemchokoza kwa fimbo au kumfungia ndani ya pipa akingoja wanunuzi huvuna kuku aliyetapikwa, amelowa na hana manyoya yaliyosimama, na nyoka atakayekataa chakula kwa wiki nyingi. Mlango wa banda ufungwe, kuku waliosalia watolewe, na afisa wanyamapori apigiwe simu.