Misalaba ya shaba katika makaburi ya Sanga

Mkristu akionyeshwa msalaba wa shaba uliotoka katika kaburi la kale la Katanga, huweza kusema upesi: «Tazameni, wazee wetu walimjua Kristu!» Sisi tusiharakishe. Tuyaulize kwanza makaburi yenyewe.

Pahali pengi watu wa kale waliwazika wakubwa wao pamoja na vyombo vya heshima. Kule Carnac, Ufaransa, kaburi kubwa lilitoa mashoka ya jiwe lililong’arishwa, lililoletwa toka milima ya Alpes. Kwetu vyombo vya namna hii ni vya chuma na shaba.

Mto Lualaba hupita karibu na Kolwezi, hushuka mpaka Bukama, kisha huingia katika bonde la Upemba. Huko, kando ya ziwa Kisale, ndipo Sanga. Jacques Nenquin alichimbua makaburi yake mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka 1958, Pierre de Maret mwaka 1974. Katika bonde hilo mkubwa mmoja alizikwa, yapata miaka 1000 iliyopita, na shoka la heshima, na fuawe ya chuma karibu na kichwa. Karne nyingi baadaye, fuawe ilikuwa ingali alama ya ufalme kwa Baluba.

Shaba ilitoka mbali, kusini, katika nchi ya migodi, kwa wale ambao Monsinyori de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926, akiwaita «wakula shaba». Katika makaburi ya karne ya 14 hivi, msalaba umelazwa juu ya kifua cha marehemu. Katika makaburi ya baadaye misalaba ni midogo, ni mingi, nayo imewekwa karibu na mikono au kiuno, pahali pa kuchukulia feza. Kitu cha heshima kiligeuka kuwa feza ya biashara.

Basi, mfalme wa Kongo alibatizwa mwaka 1491, tena mbali sana na hapa. Misalaba ya kwanza ya Sanga ilikuwa imekwisha kuzikwa. Tusiwape wazee imani ambayo hawakuhubiriwa. Tuheshimu ile waliyokuwa nayo, kwani walimpa marehemu mali iliyotoka safari ndefu.

Na tukikuta kaburi la kale tunapochimba msingi wa kanisa au wa shule, tusiondoe kitu. Msalaba uliotolewa kifuani na ule uliotolewa kiunoni, vikiwekwa mezani, ni shaba tu. Maana yake imebaki kaburini.