Deraya ya Farasi

Aprili 2006, kampuni ya Bethesda ya Marekani ilianza kuwauzia wachezaji deraya ya farasi. Farasi huyo alikuwa ndani ya The Elder Scrolls IV: Oblivion, gemu iliyotoka wiki chache kabla, na ambayo kila mnunuzi alikwisha kuilipia bei kamili. Mwenye Xbox 360 alitakiwa kutoa pointi 200, sawa na dola 2.50, ili mnyama wake avae chuma. Watu walikasirika, wakacheka, wakatunga utani unaosimuliwa hadi leo. Wengi walinunua pia.

Wanaosimulia historia ya malipo madogomadogo katika gemu kubwa mara nyingi huanzia hapo. Mimi naona tukianzia hapo tunapitwa na jambo la msingi: kulipa kidogokidogo si jambo jipya, na si ubaya peke yake. Space Invaders ilipoenea Japani mwaka 1978, ilimeza sarafu za yeni 100. Mashine za kumbini zilifanywa ngumu makusudi ili sarafu ziendelee kuingia, lakini mwenye mkono mwepesi aliweza kucheza muda mrefu kwa sarafu moja. Aliyekulia karibu na banda la PlayStation mtaani anaielewa mantiki hiyo: unalipia mechi, unacheza mechi. Ni kama mafuta ya kupima dukani. Pesa ni ndogo, ila kipimo unakiona kwa macho yako.

Mwaka 1990 kitu kilibadilika. Toleo la Marekani la Double Dragon 3, gemu ya ngumi ya kumbini, lilikuwa na maduka ndani yake. Mchezaji aliingiza sarafu halisi, akapata nguvu za ziada au mpiganaji mwingine. Hapo pesa hainunui tena nafasi ya kucheza, inanunua kile ambacho mkono wako ulipaswa kukipata. Toleo la Japani liliyaondoa maduka hayo, lakini wazo lenyewe lilibaki likingoja intaneti.

Wazo la pili lilitoka Asia: kuuza kitu ambacho mnunuzi hakijui. Mwaka 2004, MapleStory ya Nexon iliuza nchini Japani tiketi za yeni 100 za kuchezea gachapon, kwa kuiga mashine za mitaani zinazodondosha vikasha vya plastiki vyenye vitu vya kuchezea. Ulilipa kwanza, ukafungua baadaye. Machi 2009, EA ilileta Ultimate Team katika FIFA 09, na wanasoka wakaanza kuuzwa kwa pakiti zilizofungwa.

Watetezi wa pakiti hizo husema hazina tofauti na stika za Panini, zilizouzwa Italia tangu 1961. Kuna ukweli ndani yake, kwani mtoto aliyerarua pakiti ya stika naye alikuwa anabahatisha. Lakini stika ilikuwa mali yake. Aliibandika, akaibadilisha na rafiki, akamrithisha mdogo wake. Mwanasoka wa Ultimate Team anaishi kwenye seva ya kampuni, na gemu ya mwaka unaofuata ikitoka, unaanza upya. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, Ultimate Team katika gemu zake zote za michezo iliiingizia EA dola bilioni 1.62, zaidi ya robo ya mapato ya kampuni.

Wazo la tatu ni la kihasibu, nalo ndilo linalonitisha zaidi: kuificha pesa ndani ya pesa nyingine. Tayari deraya ya farasi iliuzwa kwa pointi, na pointi 80 zilikuwa dola moja. Nani hupiga hesabu hiyo kichwani akiwa katikati ya vita? Fortnite ilipoanza kuuza pasi yake ya msimu mwishoni mwa 2017, pasi ilikuwa V-Bucks 950, na V-Bucks ziliuzwa kwa mafungu kuanzia 1,000. Chenji ya 50 hairudi mfukoni. Inabaki kwenye gemu, ikikuita.

Mawazo hayo matatu yalikutana Novemba 2017 katika Star Wars Battlefront II ya EA. Gemu iliuzwa kwa dola 60, lakini Darth Vader na Luke Skywalker walikuwa wamefungiwa. Kumfungua mmoja kulihitaji alama 60,000, na mchezaji mmoja alikadiria kwamba hiyo ni kazi ya saa 40 hivi. Wakati huohuo, makasha ya kubahatisha yaliyonunuliwa kwa pesa halisi yalitoa nguvu za kupigania. EA ilijibu kwenye Reddit kwamba nia ni mchezaji ajivunie alichokipata. Jibu hilo lilipigiwa kura za kulikataa zaidi ya 600,000. Bei ya mashujaa ikashushwa kwa asilimia 75, na saa chache kabla ya uzinduzi rasmi, ununuzi wa pesa halisi ukazimwa.

Hasira ile haikuwa ubahili. Zile saa 40 hazikuwa ugumu wa kawaida wa gemu. Anayeuza njia ya mkato ndiye huyohuyo anayeamua urefu wa barabara. Ukishalijua hilo, kila unapochoka ndani ya gemu unajiuliza kama uchovu huo ni sehemu ya mchezo au ni tangazo la biashara.

Sheria zilifuata kwa mwendo wa kusuasua. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba makasha ya kulipia katika FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive ni kamari isiyo halali. Mwaka 2019, mwakilishi wa EA aliliambia Bunge la Uingereza kwamba hayo ni mambo ya kushtukiza tu, kama mayai ya Kinder. Uholanzi iliitoza EA faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama ya juu ya utawala ikaifuta: pakiti si mchezo unaojitegemea, ni sehemu ya mchezo mkubwa wa ujuzi.

Makasha yakapungua katika gemu nyingi kubwa, pasi za msimu zikachukua nafasi. Pasi haina bahati nasibu. Inakuambia tu kwamba muda unaisha. Desemba 2022, Epic, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya tume ya biashara ya Marekani kudai kwamba vitufe vyake viliwafanya watu, watoto wakiwamo, wanunue bila kukusudia.

Aprili 2025 Oblivion ilirudi ikiwa imetengenezwa upya. Toleo lake la bei ya juu, dola 10 zaidi, lina deraya mpya za farasi. Safari hii watu walicheka kwa mapenzi, kama tunavyomcheka mjomba mtundu. Naelewa kicheko hicho, lakini ndicho ninachokihofia. Mwaka 2006 tulicheka kwa sababu bei ile ilikuwa kituko. Mtoto anayeanza kucheza leo hana gemu ya zamani ya kulinganisha nayo. Kwake duka ni sehemu ya ramani, kama mto na mlima, na hatauliza nani aliliweka pale.