Muhuri wa kanisa uliochorwa na mkimbizi

Mwaka 1940 mji wa Lisbon, Ureno, ulijaa wakimbizi waliongoja meli ya kuvuka bahari. Jeshi la Hitler lilikuwa limeiteka Ufaransa.

Kamati moja iliyowasaidia ilitoka Marekani, kwa Waunitaria, kanisa linalofundisha kwamba Mungu ni mmoja bila Utatu na kumwachia kila mtu dhamiri yake. Kamati ilianzishwa mwaka huohuo, baada ya mchungaji Waitstill Sharp na mke wake Martha kwenda Prague Februari 1939 kuokoa watu, wakiacha watoto wao wawili nyumbani.

Lakini kamati hiyo mpya haikujulikana. Barua isiyo na muhuri, aliyewahi kusimamishwa kwenye kizuizi anajua inavyopokelewa. Basi mwaka 1941 Charles Joy, kiongozi wake Lisbon, alimwomba Hans Deutsch achore alama. Deutsch, msanii wa Austria, alikuwa mkimbizi pia: alihama Paris kwa sababu ya katuni za kumkejeli Hitler. Hakuwa muumini wa kanisa hilo. Alichora kikombe chenye mwali wa moto, kikawa muhuri kwenye karatasi za wakimbizi.

Leo kikombe cha namna hiyo huwashwa katika ibada za makanisa mengi ya Waunitaria.