Ikifika Saa Nane, Shuka Paani

"Fundi, na jua bado liko?" Wenye ploti wa mtaa wa Huruma, Eldoret, wameniuliza hivyo miaka yote ninayopiga mabati. Kuanzia Machi, mvua ikinukia, saa nane mchana nashuka paani. Jua hilohilo ndilo linalonishusha.

Mchana nchi kavu hushika joto upesi kuliko maji. Upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Victoria, lililo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ukapanda hadi huku kwetu Eldoret, karibu mita 2,100, ukagongana na upepo wa mashariki. Alasiri wingu limekomaa: radi, mvua ya mawe, na dhoruba ya kung'oa paa.

Wenyeji waliyajua hayo kabla makaburu walioongozwa na Van Rensburg hawajafika na magari yao ya ng'ombe mwaka 1908. Katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi, A. C. Hollis aliandika kwamba kwao ngurumo zilikuwa mbili. Ile ya mbali ni njema, inawakinga watu. Inayopasuka utosini ni mbaya, inataka kuua. Dhoruba ikizidi, watu wa ukoo wa Toiyoi walichukua shoka, wakalipaka majivu ya mekoni, wakalitupa nje na kuiamuru radi inyamaze. Nawaheshimu wazee, lakini mtu aliye juu ya bati hana ngurumo njema. Ukiisikia tu, radi yake yaweza kukufikia.

Serikali ya kikoloni ilianzisha huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929. Leo redio hututaja kwa jumla, nyanda za juu magharibi mwa Bonde la Ufa, kisha hutabiri ngurumo za alasiri. Saa huwa ni ileile ya wazee. Kilichobadilika ni nyumba.

Msonge wa nyasi haukuwa na misumari ya kulegea. Vyumba vyetu vya ploti vimepangana chini ya bati jembamba, mara nyingi bila dari. Mchana bati hutanuka, usiku wa baridi hunywea, na kila siku tundu la msumari hupanuka kidogo. Ukiingiza kucha chini ya kofia ya msumari, raba yake iliyokauka inabanduka vipande vipande. Aprili upepo ukiingia kwa ukingo wa paa, unakuta kazi imeshafanywa na jua la Januari na Februari.

Ndiyo maana naomba kuitwa Februari. Napiga msumari kwenye mgongo wa bati, siyo bondeni, ncha ikitokeza chini ya mbao naipinda. Mwenye ploti huona namlia pesa, maana mbingu ni nyeupe. Lakini misumari ya ziada ni rahisi kuliko kulipia paa zima, na kuliko kumlaza mpangaji na watoto wake nje.