Nzi wa Manyoya, Toka Mtoni Hata Baharini
Sisi tukaao Mjimwema, Songea, tu mbali na bahari, ingawa mto Ruvuma waanzia karibu nasi, milimani Matogoro, ukaishia Bahari ya Hindi. Yapata mwaka 200, Mrumi Aelian aliandika ya kwamba wavuvi wa Makedonia walifunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo katika ndoana, wakahadaa samaki wa mtoni walao nzi. Baharini hila hiyo haitoshi: samaki wakubwa hufuata dagaa na kamba. Miaka ya 1950, Mmarekani Lefty Kreh alifunga manyoya marefu ya jogoo (nao jogoo tunao tele!) yaigayo samaki mdogo, yasijizonge ndoanani, kwani yakijizonga, chambo huenda upande, na samaki hukikataa. Ndoana nayo iwe isiyoshika kutu, la sivyo chumvi huila upesi.