UZI: Chuo bora ni kipi? Tuulizie kutoka Muhoroni

1/ Matokeo ya KCSE yakitoka, mjadala ni ule ule. Mmoja anasema, "Mtoto aende Nairobi, huko ndiko kuna jina." Mwingine anapanda jukwaani na kuahidi chuo kikuu kila kaunti. Watu wanapiga makofi, wanarudi nyumbani. Leo hatutaji mtu wala chama. Tufuate historia tuone neno "bora" limegeuka mara ngapi.

2/ Kwa nini Muhoroni? Kwa sababu hapa karo hutoka shambani. Reli ilipita hapa na kufika ziwani Kisumu 1901. Miwani walianza kusaga miwa miaka ya 1920, Chemelil na Muhoroni wakapata viwanda miaka ya 1960. Miwa ikilipwa, mtoto anasoma. Isipolipwa, anangoja. Hilo msilisahau, tutalirudia.

3/ 1963, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilianza na matawi matatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Udaktari ulikuwa Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar. Kwa hiyo kijana hakuulizwa "chuo gani kina jina?" Aliulizwa, "Unataka kuwa nani?" Kozi ndiyo iliyochagua chuo. Hiyo akili tuliipoteza wapi?

4/ Nafasi zilikuwa chache mno. Ndiyo maana Septemba 1959 ndege ilibeba wanafunzi 81 kwenda Marekani, na hadi 1963 walikuwa wamesafiri mamia. Wafadhili wa kule walilipa sehemu, vijiji vya huku vikachanga. Wakati huo chuo bora kilikuwa chochote kilichokupokea.

5/ 1970, Afrika Mashariki ikagawana. Nairobi ikawa chuo kikuu kamili, na kwa miaka 14 kikawa cha pekee cha umma Kenya nzima. Lile jina kubwa mnalolisikia hadi leo lilianza hapo. Kilikuwa bora, ndiyo, lakini pia hakikuwa na mshindani. Serikali ililipa masomo, na mwanafunzi akapata posho, ile "boom" wazee wanayoisimulia kwa tabasamu.

6/ Cha pili kikafunguliwa Eldoret 1984. Mwaka uliofuata 8-4-4 ikaingia. Kufikia 1990 vyuo vilipokea makundi mawili kwa pamoja: wa mwisho wa mfumo wa zamani na wa kwanza wa 8-4-4. Vitanda havikutosha. Mwaka huo huo Maseno, penye chuo cha walimu cha Siriba, pakawa na chuo kikuu kishiriki, na 2001 kikajitegemea. Bondo nako, palipokuwa na chuo cha walimu, pakawa na chuo kikuu kamili 2013.

7/ Hapa kuna jambo halisemwi mikutanoni. Chuo kikuu kipya mara nyingi hakijengwi kwenye uwanja mtupu. Kinachukua chuo cha walimu au cha ufundi kilichokuwepo. Cha Kakamega kilitokana na chuo cha ufundi ambacho wananchi walichangia kwa harambee. Tulipata digrii karibu na nyumbani, tukapunguza mahali pa kufundisha fundi. Anayekuahidi chuo kikuu, muulize kitachukua nafasi ya nini.

8/ Miaka ya 1990 pesa ikabadilisha kila kitu. Boom ikaondolewa, karo ikaingia, migomo ikafuata. HELB ikaundwa 1995 kukopesha wanafunzi. 1998 Nairobi ikaanzisha masomo ya kujilipia, maarufu kama paraleli, na vyuo vingine vikaiga. Kampasi zikachipuka mijini, Kisumu ikiwemo. Sasa chuo "bora" kikawa kile chenye nafasi kwa mwenye pesa.

9/ Kisha ikaja 2016. Wizi wa mitihani ulikabwa, na waliopata C+ kwenda juu wakashuka chini ya 90,000. Wote walitosha kuingia kwa udhamini wa serikali, wengine hadi vyuo vya kibinafsi. Nani tena alipe paraleli? Mfereji wa pesa ukakauka, madeni yakapanda, kampasi zikafungwa. Jina lilibaki pale pale, ila mhadhiri alikuwa kwenye mgomo.

10/ 2023 ukaja mfumo mpya: familia kupangwa makundi kulingana na uwezo, kisha ufadhili, mkopo na sehemu ya mzazi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka katiba. Serikali ikakata rufaa.

11/ Sasa rudini Muhoroni. Viwanda vya Muhoroni na Miwani viliwekwa chini ya mrasimu 2001. Miwa yenyewe hukaa mwaka na nusu hivi shambani kabla ya kukatwa, halafu malipo yachelewe. Chuo hakingoji miwa. Kinataka karo kila muhula. Familia hii ikipangwa kundi lisilo lake, binti anaacha masomo mwaka wa pili akiwa na deni na bila cheti.

12/ Kwa hiyo mzazi, usianze na jina. Uliza matatu. Kozi hii inatambuliwa na bodi ya taaluma yake? Maana kuna waliosoma uhandisi na sheria wakagundua mwishoni kwamba bodi haiwatambui. Pili, ukijumlisha karo, kodi ya chumba na chakula kwa miaka yote, nani atalipa mwaka ule miwa haijalipwa? Tatu, wanaoingia wanamaliza kwa wakati?

13/ Maseno inaweza kushinda Nairobi kwa majibu hayo. Nairobi inaweza kushinda Maseno. Hata chuo cha ufundi cha Kisumu kinaweza kuwashinda wote wawili, na si aibu.

14/ Na kwa wanaokuja kuomba kura: kila enzi "bora" ilifuata aliyelipa. Basi msituambie mtajenga wapi. Tuambieni nani atalipa, kwa miaka mingapi, na mkulima atalipwa miwa yake lini. Mwisho wa uzi. Sambaza kwa mzazi mwenye mtoto wa fomu foo.